Sura ya Saba: Chini ya Maji Sichechemei

Jumatatu hiyo Asiya alizikunjua karatasi mbili sakafuni, moja ya mwezi wa Januari na moja ya asubuhi ile ile, akazibana kwa mawe zisijikunje. Alizitazama mara moja tu. Kisha akatamani angekuwa amezichana kabla wenzake hawajaingia.

Zilikuwa karatasi nyeupe, kila moja na urefu wa mita nane, na juu yake zilipita nyayo za mtu mmoja zilizochovywa wino wa buluu. Ndivyo walivyopima mwendo wa wagonjwa katika kituo kile kidogo cha Msambweni. Mgonjwa alichovya miguu, akatembea, na karatasi ikasema hata yale ambayo mdomo wake usingesema. Nyayo za Januari zilikuwa safi, kisigino na kidole vimekaa mahali pake. Za leo zilikuwa na kitu kingine. Kila ulipotua mguu wa kushoto, kidole gumba kilikuwa kimeacha mkia mwembamba wa wino. Mguu ulikuwa umeanza kuburuta tena.

Mwenye nyayo hizo alikuwa Mahir. Asiya alizijua kuliko alivyozijua zake mwenyewe.

Mahir alikuwa mpiga mbizi wa Mkwiro, mtu wa kushuka baharini na mpira wa hewa mdomoni kutafuta majongoo bahari. Mwaka wa tisini na sita, mpira ulijikunja akiwa chini kabisa, akapanda juu mbio kuiokoa roho yake. Roho ilipona, miguu ikafa. Nyumbani kwao walisema amepigwa na shetani wa baharini. Dakta Virginia alisema ni hewa iliyogeuka mapovu ndani ya damu, ikauziba uti wa mgongo. Alipoletwa kituoni alibebwa juu ya mlango uliong'olewa. Asiya, daktari wa mazoezi, ndiye aliyemshika kiuno siku ya kwanza aliposimama. Mahir alimshika mabega ili asianguke, na alipokwisha kusimama imara hakuyaachia. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na Asiya hakumwambia mtu.

Mlango ukafunguka, wenzake wakaingia.

Utafiti wao ulikuwa wa namna yake. Dakta Virginia, daktari wa mishipa ya fahamu aliyetoka Nyeri, alikuwa amechoka kuona wagonjwa wa mgongo wakipitishwa mlango huu hadi ule, kila mtaalamu akitazama kipande chake tu. Akakusanya watu wa kazi mbalimbali chini ya bati moja. Yeye aliangalia mishipa. Duncan, mhandisi kijana wa Kakamega, alipima hatua kwa kamera na saa. Mwero, fundi wa vyuma na ngozi, alitengeneza vyuma vya kushikilia miguu. Na Asiya aliwafundisha watu kutembea upya. Kila Jumatatu walikutana wakaambizana walichokiona.

"Hizi namba zinanichanganya kabisa," Duncan alisema, akichuchumaa kando ya karatasi. "Januari alikuwa anamaliza kwa sekunde kumi na moja. Leo ni kumi na tano. Nimempima mara tatu, si uchovu. Jamaa anarudi nyuma, manze."

"Mishipa iliyopona nusu hairudi nyuma bure," alisema Dakta Virginia. Alimgeukia Asiya. "Wewe ndiye unayekaa naye zaidi. Amekwambia lolote? Ameanguka? Amepata homa?"

"Hapana, daktari."

"Muulize vizuri. Mgongo wa namna hii hauna nafasi ya pili, Asiya. Ukiumizwa tena mahali pale pale, sisi wote hapa hatutakuwa na la kufanya."

Asiya aliitikia kwa kichwa. Wenzake walipotoka, Mwero alibaki. Alikuwa mtu wa makamo, Mdigo wa Kwale, mpole, mwenye vidole vilivyochubuka. Aliweka mezani chuma cha mguu cha Mahir, kilichoachwa asubuhi ile kirekebishwe.

"Asiya, mwanangu. Sikutaka kusema mbele yao."

"Kuna nini, Ami Mwero?"

"Tazama skrubu hii. Nilikipaka chuma rangi mara mbili mwezi wa Disemba, na leo kimeota kutu."

"Ni jasho, Ami. Joto hili la kaskazi..."

"Nilisema hivyo hivyo moyoni." Mwero aliugeuza mkanda wa ngozi, akamwonyesha upande wa ndani. Palikuwa na nyuzi nyeupe zilizokauka, zimegandamana na ngozi kama gundi. Asiya alikuwa mtoto wa pwani. Hakuhitaji kuambiwa. Jongoo bahari akishikwa kwa pupa hutema nyuzi kama zile, na zikinata hazitoki.

Akaketi.

"Anashuka tena," alisema kwa sauti ndogo.

"Anashuka tena. Nami najua, mwanangu, kwamba habari hii kwako si habari ya mgonjwa tu. Macho ninayo. Ndiyo maana nimekwambia wewe kwanza. Zungumza naye. Lakini wiki hii ikipita kimya, nitamwambia daktari mimi mwenyewe."

Jioni hiyo Asiya alikwenda kwa shangazi yake Mahir, pale Msambweni alikokaa kijana huyo kwa ajili ya matibabu. Akaambiwa hayupo. Amekwenda Mkwiro kumwamkia mama yake, atarudi Alhamisi.

Usingizi ulimkimbia Asiya siku tatu mfululizo. Alhamisi ilikuwa siku aliyoingoja kwa mwaka mzima, na sasa aliiogopa.

*

Alhamisi ndiyo siku ambayo baba yake alikubali kuja kituoni.

Mzee Mbwana, karani mstaafu, hakuwa mtu mbaya. Alipoletewa habari kwamba Mahir ana nia ya kumwoa binti yake, hakuuliza mali wala ukoo. Aliuliza kama anasimama. Ndugu yake, Suleiman, alianguka mnazi akiwa kijana wa miaka thelathini, akalala kitandani miaka kumi na moja. Mke wake Suleiman alimgeuza, akamwosha, akamlisha, mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Alipomzika mumewe alikuwa na nywele nyeupe na hakuwa hata na miaka arobaini.

"Sikatai ndoa yenu," alimwambia Asiya. "Nakataa kumwona mwanangu akizeeka kando ya godoro. Siku nitakayomwona akitembea bila fimbo, kwa macho yangu haya, nitasema ndiyo."

Mahir alifika saa tatu asubuhi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, harufu ya udi imemtangulia. Alimwona Asiya amesimama mlangoni peke yake, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo siku zote lilimfanya Asiya asahau alichotaka kusema.

"Mbona unanitazama hivyo? Kama mtu aliyeona jini."

"Ulikuwa wapi, Mahir?"

"Mkwiro. Mama hajambo, anakusalimu. Anasema anataka kukuona kabla hajafa, nami nikamwambia mama, utamwona kabla ya mwezi wa mfungo sita, mwezi wa maulidi, kwisha." Alimsogelea, akashusha sauti. "Asiya. Leo ni leo. Yote utakayoyauliza, niulize kesho. Leo nitazame tu ninavyotembea."

"Mahir, nimeona chuma chako..."

"Hodi!" Sauti ya Mzee Mbwana ilisikika barazani.

Mahir alimtazama Asiya, na kwa muda mfupi tabasamu likatoka usoni pake, akabaki mtu mwenye hofu. Kisha akageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana. Nasikia humu ndimo unamojifunza kutembea kama mtoto."

"Ndimo, baba. Mwalimu wangu ni mkali."

Mzee Mbwana alicheka kidogo, akaketi kwenye kiti cha mbao na fimbo yake magotini. Mahir alisimama mwanzo wa mkeka wa mazoezi uliotandazwa sakafuni. Aliikabidhi fimbo yake kwa Asiya bila kumtazama, akavuta pumzi, akaanza.

Mita nane. Asiya alizihesabu hatua zote. Mwanamume yule alitembea ameinua kichwa, mabega yamenyooka, kanzu ikimpepea visigino. Mtu asiyejua angesema ni mzima. Asiya peke yake aliona jinsi paja lake lilivyotetemeka, jinsi alivyounyanyua mguu wa kushoto kutoka kiunoni kama mtu anayevuka kizingiti, na jinsi jasho lilivyomtoka nyuma ya masikio. Ilimpasa aseme. Palepale ilimpasa aseme, Baba, ngoja, huu mguu unakufa. Mdomo ulifunguka. Akamwona baba yake.

Mzee Mbwana alikuwa analia. Hakujificha. Machozi yalimtiririka ndevuni, na Asiya hakuwahi kuyaona tangu siku ya maziko ya ami yake.

"Alhamdulillahi," alisema mzee. "Laiti Suleiman angepata watu kama ninyi." Alinyanyuka, akamshika Mahir mkono kwa mikono yake miwili. "Jumapili, baada ya adhuhuri, walete wazee wako. Nimeridhika."

Asiya akaufunga mdomo wake.

*

Baba yake alipokwisha kuondoka, alimvuta Mahir nyuma ya kituo, mahali walipoanika karatasi na bandeji. Hakungoja wala hakupanga maneno.

"Unashuka tena baharini. Usinikatalie, Mahir. Nimeona nyuzi za majongoo kwenye mkanda wako."

Mahir hakukataa. Aliegemea ukuta, akauteremsha mwili wake polepole mpaka akaketi chini, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake.

"Mara ngapi?"

"Sijui. Tisa. Kumi."

"Kumi! Na mimi hapa nakuhesabia hatua! Nakukanda, nakuombea, namdanganya baba yangu mzazi kwa kunyamaza! Kwa nini? Ulikosa nini kwangu?"

"Wewe usiingize mapenzi yetu humo."

"Nisiyaingize? Yatakuwa wapi, kama si humo?"

Mahir alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini na ya taratibu.

"Asiya, wewe umenijua nikiwa nimevunjika. Hujawahi kuniona mzima hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa kutajwa, kuanzia Mkwiro hadi Vanga. Sasa watoto wakiniona wanaiga ninavyotembea. Mwezi wa Januari, Garama aliniomba nipande naye chomboni mwake nimwonyeshe mwamba wa majongoo tu. Nikapanda. Nikajiambia nitashuka kidogo, nijaribu. Wallahi nilipofika chini, maumivu yote yalikatika. Mgongo uliachia. Mguu ukanisikia. Chini ya maji sichechemei, Asiya. Chini ya maji mimi ni yule yule."

Asiya alipiga magoti mbele yake.

"Hayo ndiyo yanayokuua, mpenzi wangu. Daktari alitueleza. Ukishuka, maji yanayabana yale mapovu, unaona nafuu. Ukipanda yanarudi, tena zaidi. Kila nafuu unayoipata chini unailipia juu. Nimeona kwenye karatasi. Mguu wako unakuacha."

"Basi ni mara moja tu iliyobaki."

"Mahir!"

"Jumamosi. Nimempa Garama neno langu, mwamba ule naujua mimi peke yangu. Jumamosi nashuka kwa mara ya mwisho, naagana na bahari. Jumapili naja kwenu na wazee wangu, na hutanisikia nikiitaja tena."

"Usishuke. Nakuomba kwa jina la Mungu. Kama unanipenda hata chembe, Jumamosi kaa nyumbani."

"Na wewe kama unanipenda, niache niage."

Walitazamana. Asiya alikuwa na kawaida ya kushinda mabishano yao. Mahir alikuwa mwepesi wa kucheka, na akicheka amekwisha kushindwa. Safari hii hakucheka.

"Nitamwambia baba," alisema Asiya.

Rangi ilimbadilika Mahir. Alijishika ukutani, akasimama, na Asiya hakumsaidia.

"Ukimwambia, umetuzika mimi na wewe kaburi moja," alisema. "Umeona alivyolia?"

Akachukua fimbo yake, akaenda. Asiya alimtazama akiburuta mguu mchangani mpaka alipopotea nyuma ya ua.

*

Ijumaa alistahimili mpaka baada ya sala ya alasiri. Kwanza alimwendea Dakta Virginia, akamweleza yote, hata yale ya moyoni. Daktari hakumkemea. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Ungeniambia Jumatatu," alisema. "Sasa sikiliza. Nenda ukamzuie. Mimi nitapiga simu Mombasa, wanajeshi wa majini wana tangi la hewa la kutibu wapiga mbizi, niwaombe wawe tayari. Ukimkosa, akiwa ameshashuka, mtazame saa ya kwanza baada ya kupanda. Anaweza kupanda anacheka. Usimwamini kicheko. Muulize kama kiuno kinambana. Muulize kama mkojo unatoka. Hayo mawili yakianza, usingoje la tatu."

Nyumbani alimkuta baba yake uani akichagua mchele wa Jumapili. Alikuwa ameutandaza kwenye ungo mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Asiya aliketi mkekani mbele yake, akasema. Mzee aliendelea kuchagua mawe mpaka binti alipomaliza.

"Ulijua jana, nilipokuwa pale?"

"Nilijua tangu Jumatatu, baba."

"Ukaniacha nikalia mbele ya watu."

"Nisamehe, baba. Niliona furaha yako nikashindwa."

Mzee Mbwana aliuweka ungo chini. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mchele. "Suleiman naye, mkewe alimwambia usipande mnazi, upepo umechafuka. Huyo mke alinisimulia hayo miaka yote kumi na moja. Alisema, nilimwambia mara moja tu, laiti ningemwambia mara mbili." Akanyanyuka. "Mwite Kahindi wa jirani, muulize kama gari lake la mizigo lina mafuta. Alfajiri tunakwenda Shimoni, bandari ya kuvukia Mkwiro."

Mvua zile za El Nino zilikuwa zimeitafuna barabara. Walipofika gatini Shimoni ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, na chombo cha Garama kilikuwa kimekwisha kuondoka. Vijana waliokuwa wakipakia samaki walionyesha kwa mikono: kule nje, nyuma ya kisiwa. Hapakuwa na mashua ya kuwafuata.

Wakangoja. Mzee Mbwana alivuta uradi kwa tasbihi. Asiya alisimama ukingoni mwa gati na jua likampiga utosini mpaka saa nne.

Chombo kilipotokeza, mtu wa kwanza waliyemwona alikuwa Mahir. Alisimama mbele kabisa, kifua wazi, bila fimbo, miguu yote miwili imekanyaga ubao. Alipowaona alipunga mkono. Aliruka gatini kabla hata kamba haijafungwa.

"Shikamoo, baba!" Alikuwa anang'aa kwa maji na furaha. "Sikutegemea kukuona huku."

"Marahaba. Umemaliza shughuli yako?"

Mahir alimtupia Asiya jicho, akaelewa kwamba mzee ameambiwa. Aliinamisha kichwa.

"Nimemaliza, baba. Nilikosea kukuficha. Lakini nimekwisha kuiaga, naapa. Nitazameni! Mwacheni Asiya aseme atakavyo, mimi leo sina maumivu hata ya kidole."

Asiya alikuwa akiitazama saa yake ya mkononi. Saa nne na dakika tano.

Waliketi kwenye kibanda cha chai kilicho juu ya gati, Mahir, mzee, Asiya, na Garama mwenye chombo, mtu mnene aliyeongea sana. Mahir alikula mahamri matatu. Alimweleza mzee kuhusu mwamba, kuhusu samaki mkubwa aliyemtazama usoni asiondoke, kuhusu wazee watakaofuatana naye Jumapili. Alikuwa mzuri siku hiyo kuliko siku zote, na Asiya, pamoja na hofu yake, alijikuta akiwaza kwamba pengine daktari amekosea, pengine Mungu ameamua kuwaonea huruma.

Saa nne na dakika ishirini na tano, Mahir alijikuna tumboni.

"Vipi?" Asiya aliuliza.

"Chumvi tu."

Saa nne na nusu alijinyoosha, akajishika kiuno. "Mkanda huu umenibana," alisema. Asiya alitazama. Alikuwa amevaa kikoi kilichofungwa kilegevu. Hakuwa na mkanda.

"Mahir, nenda nyuma ukajisaidie."

"Kujisaidia? Mbele ya baba unanituma msalani?"

"Nenda, nakuomba."

Alikwenda akicheka. Alikawia. Aliporudi alitembea ameshika ukuta wa kibanda, na kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu.

"Ajabu," alisema. "Hautoki."

Asiya alisimama. "Kahindi! Leta gari!"

"Gari la nini?" Garama naye alisimama. "Hii kitu tunaijua sisi. Tumrudishe chini sasa hivi, robo saa tu, atapata nafuu. Wenzake wote tunawafanya hivyo. Mahir, twende."

"Twende," alisema Mahir. Alijaribu kupiga hatua, mguu wa kushoto ukabaki pale ulipokuwa, akamwangukia Mzee Mbwana kifuani. Alimtazama Asiya juu ya bega la mzee, macho yamemtoka. "Asiya, niache nishuke. Nitapoa. Unajua nitapoa. Chini sichechemei."

"Hushuki."

"Asiya!"

"Hushuki, Mahir! Wakupitishe juu ya maiti yangu!" Alipiga kelele hata wauza samaki wakageuka. "Nilikunyamazia mara ya kwanza. Sikunyamazii tena."

Garama alimshika Mahir mkono kumvuta upande wa bahari. Mzee Mbwana, ambaye hakuwahi kugombana na mtu maishani mwake, alimsukuma Garama kwa bega akapepesuka mpaka kwenye benchi.

"Umemsikia mwanangu," alisema mzee. "Huyu ni wetu. Kahindi, mshike huku."

Walimlaza nyuma ya gari juu ya magunia. Mzee Mbwana aliketi, akakipakata kichwa cha Mahir magotini mwake, akamkinga jua kwa kofia yake. Asiya alikaa upande wa miguu. Gari liliruka mashimo, vumbi likawafunika wote, na kila liliporuka Mahir alilia kwa maumivu ya mgongo. Walipofika Kanana kilio kilikoma. Asiya alidhani amezimia.

Lakini macho yalikuwa wazi, yanatazama mbingu.

"Maumivu yamekwisha," alisema Mahir. "Baba, yamekwisha kabisa."

"Tulia, mwanangu. Soma shahada moyoni, utulie."

Wakapita Ramisi, mashamba ya miwa yaliyogeuka kichaka. Mkono wa mzee ulikuwa kwenye paji la uso la kijana, ukimpangusa vumbi polepole, kama ambavyo huenda uliwahi kumpangusa mtu mwingine miaka mingi nyuma.

"Asiya."

"Abee."

"Bado uko hapo?"

"Nipo."

"Usikae mbali. Nishike miguu, nijue kwamba uko nami."

Asiya aliitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imezikamata nyayo za Mahir, kwa nguvu hata kucha zilikuwa zimeacha alama nyekundu kwenye ngozi. Aliinua macho, akakutana na macho ya baba yake. Mzee Mbwana alitikisa kichwa taratibu, akimsihi asiseme.

"Asiya, umesikia? Nishike."

"Nimeishika, Mahir," alisema. "Nimeishika tangu Kanana."